Kisima cha Kilomita ya Tisa

Reli ilizama mara ya nne siku ya Jumatatu, na safari hii hata Nzai, ambaye kwa kawaida haishiwi mbinu, hakuigusa jeki. Nzai alikuwa kiongozi wa genge la kutengeneza njia, Mgiriama wa Mazeras, na mara zote tatu za mwanzo ndiye aliyeinyanyua reli ile kwa jeki na kushindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba chuma mpaka ikakaa sawa. Sasa alisimama, mtaimbo begani, akimtazama Mwanamkasi anavyoweka pimamaji yake juu ya chuma. Kiputo cha hewa kikakimbilia upande mmoja na kugoma kurudi. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu wasawazishe.

"Dada," akasema Nzai, "hapa chini pana kitu kinakula mawe."

Mwanamkasi akaandika kipimo kwenye daftari, akainuka, akapangusa magoti. Alikuwa mkaguzi wa njia. Kila alfajiri ilipokwisha kupambazuka alitembea kutoka stesheni ya Changamwe hadi Port Reitz, nyundo mkononi, akikagua chuma, misumari, mataruma na tuta kabla treni ya saa moja haijapakia watu wa bandarini na wa uwanja wa ndege. Alimjibu Nzai kwamba ataandika ripoti. Hakumwambia kwamba hicho kinachokula mawe alikuwa akikishuku tangu reli izame mara ya pili.

Sasa, treni hii ya mjini ina wenyewe wawili, na hilo ndilo balaa lake. Kampuni moja iliijenga, na watu wake walivaa vizibao vya rangi ya chungwa. Nyingine ilipewa kuitunza kwa miaka ishirini, nayo vizibao vyake ni vya kijani. Watu wa Changamwe, ambao hawana muda wa majina marefu ya kizungu, waliwaita Machungwa na Majani. Baina yao upo mkataba mnene wa kuegemezea mlango, na ndani yake mna kipengele kimoja: kwa miaka mitatu ya mwanzo, kasoro ikiwa ni ya ujenzi, wanaitengeneza Machungwa, ikiwa ni ya utunzaji, ni juu ya Majani. Basi ikawa msumari ukilegea, wanakuja mabwana wa pande mbili na simu zao, wanapiga picha, wanatupiana mpira wiki nzima, na mwisho anaitwa Nzai aje augonge. Abiria walikuwa hawana habari. Wao walitaka kufika kazini, basi.

Pale kilomita ya tisa, reli ilipokuwa ikizama, ugomvi ulikuwa umefika pabaya. Machungwa walisema Majani hawajui kushindilia kokoto. Majani walisema tuta limejengwa kwa haraka kama keki ya arusi. Kati yao Mwanamkasi alikuwa amefanya jambo moja tu ambalo cheo chake kilimruhusu: aliweka bango la mwendo, kilomita kumi kwa saa, mita mia mbili kabla na mita mia mbili baada ya mahali penyewe. Treni ikawa inajikokota hapo, watu wanachungulia madirishani wakiuliza kuna nini, na kila dakika ya kuchelewa Majani wanatozwa faini.

Mkubwa wake, Mhandisi Bramwel wa Majani, alimwita ofisini Jumatano. Alikuwa mtu wa Kakamega, mstaarabu, aliyekaa pwani miaka kumi na moja na bado anasalimu kana kwamba amefika jana. Alimweleza bila kupandisha sauti kwamba wakubwa wamemkalia kooni kwa ajili ya bango lile. Ripoti tatu za Mwanamkasi zilikuwa zimeandikwa chanzo hakijulikani, naye Bramwel hana la kuwaambia. Jumatatu ijayo bango litang'olewa, isipokuwa mkaguzi alete sababu.

"Niletee sababu, Mwanamkasi. Yoyote, ilimradi ni ya kweli."

Wallahi, kama angesema iwe ya uongo, ingekuwa rahisi zaidi.

Maana sababu aliijua. Tuta lilipita nyuma ya msikiti mdogo wa mtaa, katikati ya lile lililokuwa shamba la baba yake kabla ya reli kuja. Kutoka pembe ya msikiti hadi pale reli inapozama ni hatua arubaini, nazo Mwanamkasi alizihesabu utoto mzima, ndoo kichwani. Palikuwa na kisima. Bibi mzaa babu yake alikichimbisha na kukiweka wakfu kwa ajili ya kila mwenye kiu, awe jamaa au mpita njia, Mwislamu au si Mwislamu. Reli ilipokuja, baba yake alimwambia kisima kimekwisha, naye akadhani kimejazwa na kampuni, wala hakuuliza zaidi. Lakini juzi aliomba ofisini ramani ya Machungwa ya visima, makaburi na vyoo vyote vilivyozibwa chini ya njia, akaisoma mstari kwa mstari. Kisima cha kwao hakikuwemo.

Na baba yake hakuwa mtu wa hivi hivi. Mzee Mwidani, Mchangamwe wa asili, alikuwa msimamizi wa wakfu wa msikiti ule kwa miaka arubaini, kama baba yake kabla yake. Watu wakienda Makka waliacha amana zao kwake. Wakigombana kuhusu mpaka walikwenda kwake, na neno lake lilipokelewa. Mwanamkasi akisema yaliyo chini ya reli, jina hilo litaburutwa. Akinyamaza, kuanzia Jumatatu mamia ya watu watapita kwa kasi juu ya shimo. Alilibeba jambo hilo siku nzima, likamwelemea.

Alhamisi baada ya alasiri akajikaza, akaenda Chaani, kwenye nyumba ambayo mzee alijenga kwa fidia. Alimkuta barazani akijipepea kwa gazeti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hao watoto hawajambo?"

Hawajambo, alijibu, na Rahima amepata alama nzuri za hesabu. Walizungumza habari za joto, za bei ya unga, za goti la mzee ambalo halikunjiki vizuri kwenye sala. Mwanamkasi alizungukazunguka hivyo mpaka mwenyewe akajichukia, kisha akauliza: kile kisima, baba, kilijazwa na nani?

Mzee Mwidani akaweka gazeti chini. Hakujifanya hajasikia. Alieleza pole pole, kama alivyoeleza kila kitu. Watu wa vizibao vya chungwa walipokuja na fomu ya fidia, karani wao alimsomea: nyumba, choo, minazi, mikorosho, kisima, kaburi, kila kitu kina mstari wake na kila mstari una thamani yake. Akataja nyumba, akataja choo, akataja minazi mmoja mmoja. Walipofika kwenye kisima akasema hana.

"Karatasi yao ilinena," akasema kwa lahaja ya kwao, ambamo kutaja ni kutaya, "taya zitu zako. Nami nikataya zangu. Kisima si changu, nikitaye vipi? Kukiandika mle ni kukiuza, na wakfu hauuzwi."

Lakini hakutaka pia kukiacha wazi, mabuldoza yaje yakisukumie takataka na mizizi na mavi ya ng'ombe. Kwa hiyo, siku tatu kabla ya kuhama, alinunua boriti, akazipanga juu ya mdomo wa kisima, akatandika mawe ya matumbawe juu yake na udongo juu ya mawe, akasoma dua, akaondoka. Aliona wao watajenga juu, chini kitabaki salama, na siku moja reli itaondoka kama ilivyoondoka ile ya zamani iliyokuwa ikienda kiwandani, na kisima kitakuwapo, safi, kikingoja watu. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, mzee wa watu.

"Baba, boriti zile zimeoza," akasema Mwanamkasi. "Treni inapita juu yake."

Mzee akamtazama. Polepole uso wake ukabadilika, na mkono wake ukatafuta nguzo ya baraza. Akauliza treni ile inabeba watu wangapi. Alipoambiwa, akamtaja Mungu kwa sauti ndogo. Mwanamkasi akasema mambo yote mfululizo: kwamba mzee alitia sahihi kwamba ametaja kila kilichomo shambani, kwamba watasema alificha, kwamba mawakili watamwita mwongo.

"Andika," mzee akamkata. "Andika leo. Watu wasife kwa ajili yangu."

Akaandika. Aliandika palepale barazani, kwa mkono, kwa kuwa alijua akifika nyumbani atapata sababu ya kungoja kesho.

Jumamosi njia ilifungwa. Machungwa walikuja, Majani walikuja, wote na kofia ngumu vichwani. Nzai na genge lake waling'oa mataruma sita, wakachota kokoto, wakachimba tuta kwa majembe maana mashine iliogopwa. Kina cha mtu mmoja na nusu kilipofika, Nzai akapiga mtaimbo chini na mtaimbo ukamponyoka, ukapotea, na baada ya muda wakasikia maji. Alirudi nyuma haraka akiwa amekalia makalio. Hakuna aliyecheka. Walipofunua, boriti tatu zilikuwa zimevunjika kabisa na mbili zilizobaki unaweza kuzimega kwa vidole. Bramwel alichungulia, akavua kofia yake ngumu, akakaa juu ya taruma. Alimwambia Mwanamkasi kwamba kama si ripoti yake, Jumatatu angelitoa lile bango kwa mkono wake mwenyewe.

Mtu angedhani hapo jambo limekwisha. Kisima kimeonekana, hakuna aliyekufa, jazeni saruji, pitisheni treni. Lakini kampuni hazitembei hivyo. Kampuni haiweki jiwe mpaka ijue jiwe ni la nani.

Jumanne wakaitana kwenye ofisi ya stesheni ya Changamwe. Mzee Mwidani alivaa kanzu yake nyeupe na koti, akakalia kiti cha plastiki ambacho Mwanamkasi alikifuta kwanza. Bramwel alikuwapo kwa Majani. Machungwa walimleta wakili wao kutoka Nairobi, mwanamke kijana aitwaye Njeri, mwenye adabu, aliyemwita mzee wetu na kumuulizia afya yake kabla ya kufungua mkoba. Akatoa karatasi moja, ya Kiswahili, iliyopigwa chapa vizuri.

Njeri alieleza kwamba wote wana bahati. Wajenzi hawakukosea, kwa kuwa hawakuambiwa. Watunzaji hawakukosea, kwa kuwa hawakujua. Kilichobaki ni mwenye shamba kukiri kwamba alikuwa na kisima chake na hakukitaja, na kampuni mbili zitagawana gharama ya kukijaza. Hakuna atakayemshitaki. Hakuna atakayemdai kitu. Atie sahihi, anywe chai, aende nyumbani.

Mzee akavaa miwani. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, na ofisi nzima ikamngoja. Kisha akasema karatasi ni nzuri ila ina kosa moja, wamsahihishie: imeandikwa kisima changu, naye anataka iandikwe kisima cha wakfu.

Njeri hakuwa mjinga. Alielewa kabla Bramwel hajaelewa, na tabasamu lake likapungua.

"Mzee wetu, kikiwa cha wakfu, basi hukuwa na ruhusa ya kutuuzia."

"Kisima sikukuuzia. Nimekuuzia ardhi."

"Kisima hakining'inii hewani. Kiko ndani ya ardhi." Alisema hivyo bila ukali. "Ukiandika wakfu, ile ardhi haikuwa yako kuiuza wala yetu kuinunua, na jambo hili ni la Kadhi na mahakama. Na mpaka mahakama iseme, hakuna treni itakayopita hapo."

Ndipo Bramwel akasafisha koo na kusema lililokuwa likimkera, na alilisema akiangalia meza. Njia ikifungwa Changamwe, genge la Nzai lote litapelekwa nyumbani, watu sitini, mpaka kesi iishe, na kesi za ardhi hapa petu zinajulikana. Tena kuna hili: Mwanamkasi alipoajiriwa alijaza fomu inayouliza kama jamaa zake wana haki yoyote katika ardhi iliyo kando ya reli, akaandika hapana. Kisima kikiwa cha mzee, kimeuzwa, mambo yamekwisha na ile hapana ni ya kweli. Kikiwa cha wakfu ambao msimamizi wake ni babake mzazi, kazi hana. Bramwel aliomba radhi kwa kusema. Alikuwa anamaanisha.

Mzee Mwidani akavua miwani. Mtu huyu hakutaka senti moja ya kisima kile. Alikanusha kuwa nacho mbele ya karani, akakifunika kwa mikono yake, akahatarisha roho za watu bila kujua, yote hayo ili asiseme neno moja: changu. Na sasa hilo ndilo neno waliloliweka mbele yake pamoja na kalamu. Aliishika, hakuandika. Akamgeukia bintiye.

"Mwanangu, nitie?"

Aliuliza kweli. Hakuwa akitafuta kuhurumiwa. Mwanamkasi alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba akisema usitie, baba yake ataiweka kalamu chini na kuondoka na hakuna wakili wa Nairobi atakayemrudisha. Baadaye alijitahidi kujiambia kwamba aliwafikiria watu sitini wa Nzai, na abiria wa Port Reitz. Si kweli. Alifikiria kodi ya nyumba, na ada ya Rahima, na kwamba tangu mumewe aende Kuwait asirudi, mshahara ule ndio uliomsimamisha wima. Aliogopa. Ni hivyo tu, aliogopa.

"Tia, baba," akasema.

Akatia. Jina lake lote, kwa herufi za Kiarabu kwanza kisha za Kizungu. Njeri akamshukuru, akamletea chai, naye kwa heshima akainywa yote.

Saruji ilimwagwa Jumatano, magari manne. Alhamisi treni zilianza kupita tena na Nzai akaja kumpa Mwanamkasi mkono, akisema amewaokoa. Mwanamkasi aliupokea mkono ule, akatamani auachie haraka.

Ijumaa baada ya sala, mzee aliwaita wazee wa kamati ya msikiti nyumbani kwake. Mwanamkasi alikuwa jikoni akipika kahawa, akasikia kila neno kupitia pazia. Baba yake aliweka mkekani funguo za stoo ya msikiti na bahasha ya hati za wakfu, akawaambia watafute msimamizi mwengine. Akawaeleza sababu: kisima cha wakfu amekiandika kuwa ni chake, kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, na mtu aliyefanya hivyo hana tena haki ya kushika amana ya mtu.

Hakuna aliyezigusa funguo. Kisha Mansur, mwenyekiti wa kamati, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, akauliza kwa uchungu ni nani aliyemlazimisha.

"Hakuna," akasema mzee.

Mansur akarudia. Alisema anamjua Mwidani miaka sitini, na Mwidani wa kufanya hivyo hamjui. Bila shaka kuna mtu aliyemshika mkono. Kama yupo amtaje, kwa sababu haya yataandikwa kwenye daftari la msikiti na yatasomwa mbele ya waumini, na si haki yasomwe kana kwamba aliamka siku moja akajitwalia wakfu.

"Hakuna aliyenilazimisha, Mansur. Andika kama nilivyosema."

Mwanamkasi alisikia kurasa zikifunuliwa. Alisimama na sinia mkononi, na haya ilimpanda mpaka masikioni. Baada ya ile sahihi, baba yake alikuwa akimlipia mara ya pili, na hata hakumwita ashuhudie. Akasukuma pazia.

"Shikamooni," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia atie."

Mzee akamwambia arudi jikoni, kwa upole, mambo haya si yake. Hakurudi. Aliweka sinia chini. Alisema kwamba aliulizwa mbele ya watu, atie au asitie, na lau angejibu asitie, mzee asingetia. Alisema tia kwa sababu aliogopa kupoteza kazi. Hakuna kampuni iliyomtuma, wala baba hakumwomba.

Mansur alikuwa ameshika kalamu, anamtazama mzee kama anayeomba ruhusa. Mzee Mwidani akasema mtoto haandikwi.

"Nina miaka thelathini na sita," akasema Mwanamkasi. "Niliulizwa, nikajibu. Andika, ami Mansur."

Mansur akainama, akaandika. Wazee wengine walitazama chini. Na Mzee Mwidani, ambaye tangu Jumanne alikuwa hajamtazama bintiye machoni, akasogea taratibu kwa sababu ya lile goti, akampisha mahali kwenye mkeka aketi kando yake.